Uzi: Ndoano inanolewa au inatupwa? Wazoefu wa mawe ya Mwanza njooni

Mshipi_Mrefu (#1)

Wakuu habari za jioni.

Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, nisipolimwaga hapa litanitoa roho. Mimi si mvuvi wa kulipa ada ya shule kwa samaki. Nina kibarua changu mjini, ila wikiendi mtanikuta kwenye mawe upande wa Capri Point, au nimevuka na kivuko kwenda Kamanga, fimbo begani na kopo la chambo mkononi.

Basi Jumapili alfajiri, mwanga ndio kwanza unapasua, nimeweka furu mzima, wale samaki wadogo wa chambo, kwenye ndoano ya namba 4/0. Nikasubiri hadi chai ya kwenye chupa ikapoa. Mara mshipi ukaanza kwenda. Haikuwa ile ya samaki gogogo ya kudonoadonoa mpaka unakasirika, ulikwenda mfululizo kama kuna mtu kaufunga kwenye baiskeli. Nikafunga rili, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nikausikia uzito. Kichwa kikatikiswa mara tatu, nikajua huyu ni sangara na si wa mchezo. Akapanda juu, nikamwona mdomo wazi kama ndoo, akautikisa, na ndoano ikatoka hewani ikanirudia hadi miguuni.

Nikakaa chini. Nikaiokota ile ndoano. Haijanyooka, haijavunjika, fundo lipo. Nikaipitisha ncha yake juu ya ukucha wa dole gumba. Ikateleza! Ikateleza kama njiti ya kiberiti. Ndoano hiyo nimeitumia tangu mwezi wa pili, nimeikwamisha kwenye mawe sijui mara ngapi, na siku zote nilikuwa naangalia mshipi, naangalia chambo, naangalia wingu. Ncha sikuwahi kuitazama hata siku moja.

Sasa swali. Babu yangu alikuwa na kijiwe chake anachonolea ndoano kabla ya kushika kasia. Jamaa wa duka la zana aliponiuzia hizi akaniambia za siku hizi hazinolewi, ukinoa unaharibu. Nani mkweli? Na kama zinanolewa, zinanolewaje?

RockCity_Boy (#2)

Pole mkuu, huyo alikuwa wa kwako kabisa.

Ushauri wangu mfupi: tupa, weka nyingine. Umelipa nauli ya kivuko, umenunua mafuta, umeamka saa tisa usiku, umemwacha shemeji na watoto, halafu unabania ndoano moja ambayo bei yake haifiki hata soda? Kunoa ni kazi ya mtu mwenye kisu cha bucha.

Bwana_Migonzo (#3)

Huyo kijana hapo juu anavua na ndoano moja ndiyo maana anaongea hivyo.

Mwangaluka wote. Mimi nimevua kwa migonzo miaka mingi, Kome na visiwa vya upande ule, kabla magoti hayajanigomea. Mtumbwi wetu ulikuwa unashusha ndoano zaidi ya elfu moja kwa usiku. Kamba kuu inalala majini, vikamba vinaning'inia, kila kimoja na ndoano yake na chambo chake, awe furu au kitoto cha kambale. Unashusha jioni, unainua asubuhi. Hebu niambie, elfu moja unatupa zote kila wiki kwa kuwa zimegusa mchanga? Ungekula nini?

Kitu ambacho wavuvi wa fimbo hamkioni ni hiki. Wewe samaki akigusa, una mkono. Unavuta, unamchoma wewe mwenyewe. Mgonzo hauna mkono! Mimi nimelala Kome nakoroma, ndoano iko peke yake gizani na sangara. Akimeza, akigeuka, ni uzito wake mwenyewe ndio unaoichoma ndoano. Ncha ikiwa butu anaitema kama mtu anavyotema mwiba wa sato. Ukiinua asubuhi unakuta chambo kimetafunwa na ndoano tupu, unasema "leo ziwa limekataa". Ziwa halijakataa kitu, ncha zako ndizo zimekataa.

Kwa hiyo tulikuwa tunanoa, lakini si zote. Mchana tunapotega chambo upya, kila ndoano inapita mkononi hata hivyo, lazima uishike. Ukiishika, pitisha ncha kwenye ukucha kama alivyofanya mwenye uzi. Ikiuma ukucha na kugoma, nzuri, weka chambo. Ikiteleza, itenge kwenye kopo. Jioni vijana wawili wenye kinoo wanapitia kopo. Zenye kutu iliyokula chuma mpaka ncha ina vishimo, hizo zilikuwa zinaenda shimoni, na nasema shimoni, siyo ufukweni. Mtoto wa dada yangu alikanyaga moja mwaloni, sitaki hata kukumbuka.

Nyegezi_Darasani (#4)

Shikamoo mzee #3. Umemaliza nusu ya somo, niongeze kidogo.

Mwenye duka na babu wa mwenye uzi wote wako sahihi, ila wanazungumzia ndoano tofauti.

Ndoano za zamani ncha yake ilikuwa inachongwa kwa mashine halafu inapakwa bati au nikeli isiote kutu. Kupaka huko kunaifunika ncha kidogo, kama unavyopaka rangi msumari. Ndoano inatoka kwenye boksi mpya kabisa lakini haijachongoka vya kutosha. Mzee alikuwa na sababu kunoa hata iliyotoka dukani leo. Na boksi zile za Mustad wazee wote wa ziwa hili wanazijua. Ile kampuni ni ya Norway, ilianzia mji wa Gjøvik mwaka 1832, na ndoano wakaanza kutengeneza 1877. Msifikiri babu alikuwa anatumia kitu cha kienyeji, alikuwa anatumia kitu cha Ulaya kilichohitaji kumaliziwa hapa.

Za kisasa nyingi, hasa zile Wajapani walizozisambaza, zinachovywa kwenye tindikali baada ya kuchongwa. Tindikali inakula mikwaruzo yote midogo iliyoachwa na mashine, inabaki ncha laini, nyembamba kama ya sindano ya hospitali. Sasa wewe unachukua tupa ya fundi seremala yenye meno kama ya mamba unaisugua hiyo. Mkwaruzo mmoja wa tupa ni mkubwa kuliko ncha yenyewe! Ndiyo maana muuzaji anasema usinoe. Ikiwa mpya usiiguse, utaiharibu. Ila ikishagonga jiwe na kupinda ncha, uchongaji wa kiwandani umeshakufa. Hapo una njia mbili, kuitupa au kuirudisha kwa kinoo laini sana. Haitarudi ilivyokuwa, lakini itachoma.

Halafu jambo la nguvu. Nailoni inavutika. Mshipi ukiwa mita thelathini au arobaini mbali, ile nguvu uliyovuta nayo Capri Point sehemu kubwa imeishia kunyoosha nailoni, kilichofika mdomoni mwa samaki ni kidogo. Na mdomo wa sangara si nyama tupu, pembeni ni mfupa na ngozi ngumu, na vimeno vyake vidogo ni kama msasa. Nguvu ile ile ikitua kwenye ncha kali inatoboa, ikitua kwenye ncha bapa inasukuma tu. Mama akichoma sindano kwenye jinzi hahitaji misuli.

Kaka_Mtata (#5)

Nyie mnahangaika na ncha wenzenu wanaweka dawa kwenye chambo samaki anakuja mwenyewe anapiga magoti. Njoo inbox.

Mshipi_Mrefu (#6)

Mkuu #5 dawa yako ibaki huko huko inbox.

Mwalimu #4 umenifungua macho. Sasa zangu ni mchanganyiko. Nina za rangi nyeusi zilizokuja kwenye kipakiti cha sita sita, na nina za kung'aa nilizopimiwa kwenye karatasi ya gazeti pale sokoni. Nadhani hizo za gazeti ndizo za kunoa. Nioneshwe sasa kwa vitendo: nashika nini, nasugua wapi, mara ngapi?

FundiSaa_Makoroboi (#7)

Hapa ndipo kwangu. Mimi fundi saa, na wateja wangu nusu ni wavuvi, wananiletea tupa zangu wenyewe walizoniibia.

Usinunue tupa kubwa. Tafuta tupa ndogo bapa, zile nyembamba tunazotumia kwenye saa na simu, yenye meno madogo au iliyopakwa vumbi la almasi. Ukikosa, jiwe laini la kunolea visu, lile la kijivu siyo lile la kahawia lenye chembe chembe.

Shika ndoano kwa koleo kwenye mpindo, si kwa vidole. Nasema tena, si kwa vidole. Ncha itazame juu, mbali na wewe. Sasa ncha ina pande. Laza tupa ubavu wa kushoto wa ncha, imelala karibu sambamba na ncha yenyewe, usiisimamishe. Telezesha mara tatu, polepole, kwa uzito wa tupa tu. Ubavu wa kulia mara tatu. Kisha mgongo wa ncha, yaani ule upande wa nje usiotazamana na shingo ya ndoano, mara moja au mbili. Umepata pembe tatu, na kingo zake zinakata zinapoingia. Ncha ya mviringo inatoboa, ya pembe inatoboa na kukata.

Halafu acha! Kosa kubwa la watu ni kunogewa. Mtu anaona inang'aa anaendelea, anaifanya ndefu nyembamba kama unywele. Hiyo ukiigusisha mfupa wa sangara inajikunja kama mkia wa nge, na ncha iliyojikunja ni mbaya kuliko butu. Unataka fupi na kali.

Ukimaliza jaribu kwenye ukucha bila kukandamiza. Ncha inatakiwa ikwame pale pale ulipoiweka.

Mzee_wa_Kayenze (#8)

Fundi nakupinga hapo pamoja na heshima zote. Unateleza kwenda upande gani? Hujasema. Sisi tulifundishwa kuvuta tupa kutoka kwenye mpindo kwenda kwenye ncha. Ukirudisha kinyume unaitafuna ncha.

FundiSaa_Makoroboi (#9)

Shikamoo mzee. Sikusema kwa sababu nilijua vita itaanza, na imeanza.

Ukisukuma kuelekea ncha, chuma kinachosagika kinasogea mbele, kinabaki kama kiuzi pale mwishoni. Ukipapasa unakisikia kinakwaruza upande mmoja. Wengi wanadhani ndio ukali huo, kumbe ni takataka, ikigusa kitu inakatika. Mimi naanzia nchani narudi nyuma. Lakini ukienda kama ulivyofundishwa, maliza kwa kupitisha mara moja moja nyepesi kuondoa kiuzi, matokeo ni yale yale. Sitagombana na mtu wa Kayenze kwa sababu ya tupa.

Mzee_wa_Kayenze (#10)

Marahaba. Hiyo ya kiuzi ni kweli, sisi tulikuwa tunakiondoa kwa kuchoma ndoano kwenye soli ya kandambili mara mbili tatu. Sikujua tulikuwa tunafanya nini, ila mzee wangu alifanya na mimi nikafanya.

Dada_Igombe (#11)

Kandambili! Nimecheka mpaka mteja kaniuliza kulikoni.

Mimi nina saluni, mume wangu na kaka zangu wote ni wa ziwani. Siku moja nakuta tupa yangu ya kucha, ile ya chuma yenye chenga za kung'aa, imejaa harufu ya furu. Nikawasha moto. Baadaye nikanunua za kwao, maana kweli zinafaa. Ni nyembamba, zinaingia mfukoni na bei yake ndogo. Ile ya karatasi ya kutupa msihangaike nayo, ikilowa imekwisha.

Ila nimekuja kwa jambo jingine. Mkishanoa, ndoano hiyo ni silaha. Kaka yangu mdogo alijichoma kwenye kiganja, ikaingia ikapita kijino, kile kichongo karibu na ncha kinachotazama nyuma, kwenye mtumbwi katikati ya maji, mawimbi yanarusha. Akataka kuvuta kurudi nyuma. Usivute nyuma, kile kijino kinararua nyama. Bahati alikuwepo mtu mzima. Kama ncha inakaribia kutokea upande wa pili, wanaisukuma itokee, wanakata kijino kwa koleo, ndipo mwili wa ndoano unarudi kirahisi. Halafu wakaenda hospitali kusafishwa na kuchomwa sindano ya pepopunda. Ikiwa jichoni au shingoni hakuna cha ushujaa, unaiacha ilipo unakimbia hospitali. Bebeni koleo la kukata waya, na miwani yoyote ile hata ya jua. Mkinoa mkavua bila miwani mimi sina la kuwasaidia.

Bwana_Migonzo (#12)

Ahsante sana binti. Hilo ndilo watu hawaandiki.

Mtoto_wa_Bugarika (#13)

Nami nikiri la kwangu. Mwaka juzi nilikuwa na ndoano kama mia hivi za kutu ya juu juu. Nikajiona mjanja, nikampelekea fundi wa kuchomelea mtaani, ana lile jiwe la umeme la kusaga. Cheche mbili tatu, ndoano imekuwa kali kama mwiba wa mgunga. Mia nzima kwa nusu saa! Nikamlipa na soda juu.

Tukashusha. Asubuhi nainua nakuta ndoano zimenyooka. Siyo moja. Nyingine imefunguka kabisa, mpindo umekuwa kama herufi L, yaani samaki kavuta kidogo nayo ikamkubalia. Ndipo mzee mmoja pale mwaloni akazishika, akanionyesha karibu na ncha rangi ya bluu iliyochanganyika na zambarau. Akaniuliza, "Umezichoma?" Nikasema sijachoma, nimesaga. Akasema kusaga kwa umeme ni kuchoma. Chuma cha ndoano kimepitishwa kwenye moto na kupozwa kwa hesabu zake ili kiwe kigumu, ukikipasha tena umeifuta hesabu yote. Inabaki waya.

Nyegezi_Darasani (#14)

Huyo mzee alistahili kufundisha darasani kwetu. Ukiona rangi ya bluu, ndoano imekufa. Hata tupa ya mkono ukisugua kwa hasira haifiki joto hilo, kwa hiyo msiogope tupa, ogopeni umeme.

Na kwa kuwa umetaja kutu: tupa inaondoa pia ule mpako wa bati au nikeli pale nchani. Ziwa letu ni maji baridi, halili chuma kwa kasi ya bahari ya Dar au Tanga, lakini ncha uliyoivua nguo itaanza kutu siku hiyo hiyo ukiiacha na unyevu. Ifute kwa kitambaa, iguse na mafuta kidogo. Na ndoano iliyolowa isirudi kwenye boksi la wenzake, moja yenye maji inaambukiza boksi zima. Mafuta yafute kabla ya kuweka chambo, sijui kama sangara anajali harufu ya mafuta ya alizeti, ila mimi ningejali.

RockCity_Boy (#15)

Haya nimenyamaza. Ila swali: hizi namba. Nimeenda dukani nikaomba namba 10 nikidhani ni kubwa kuliko 4/0, nikapewa vitu vya kuvulia furu.

Bwana_Migonzo (#16)

Hahaha. Namba ikiwa peke yake inakwenda kinyume. Namba 12 ni ndogo kuliko 10, 10 ni ndogo kuliko 8, mpaka unafika 1. Ukivuka hapo zinaandikwa na mkwaju na sifuri: 1/0, 2/0, 3/0, na hizo kila ukipanda inakua. Kwa hiyo 4/0 yako ni kubwa mara nyingi kuliko 10. Na tahadhari, kampuni na kampuni hawapimi sawa. Usinunue kwa namba tu, nunua kwa macho.

Ndogo inanolewa kwa shida, mimi zile za sato sikuwahi kunoa. Mdomo wa sato mdogo na laini, ndoano nyembamba inaingia yenyewe, ikifa unaitupa.

Mshipi_Mrefu (#17)

Wakuu nimerudi. Nilitaka kuona kwa macho kabla ya kuamini, nikafanya mtihani nyumbani. Mke wangu anasema nimerukwa na akili.

Nilikwenda kununua kichwa cha sangara kwa wale mama wa mapanki, kikubwa kidogo, mdomo mzima. Nikakigongomelea kwenye ubao, nikaning'iniza uani juu ya karo. Nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaifunga kwenye kipande cha mshipi chenye ndoano upande wa pili. Ncha nikaiegesha kwenye ile ngozi ya pembeni ya taya, pale mdomo unapokunjikia, chupa inaning'inia tupu. Kisha nikawa namimina maji polepole kwa kikombe, naangalia ncha itazama lini.

Ya kwanza ilikuwa ile iliyoniangusha Jumapili. Nikamimina, nikamimina, chupa ikajaa mpaka shingoni. Ncha imebonyeza ngozi, imefanya kishimo kama dole linavyobonyeza chapati, lakini haijaingia. Nikaitikisa chupa kidogo, ikachomoka ikaanguka kwenye karo. Nikaelewa Jumapili yote kwa sekunde moja.

Nikaichukua ile ile nikainoa kama alivyoelekeza fundi #7, tatu, tatu, mbili, kwa tupa ya kucha ya dada #11 (nimenunua yangu, usiwe na wasiwasi). Nikarudia sehemu nyingine ya taya. Maji hayajafika nusu chupa, nikasikia kabisa "tk", imezama.

Ya tatu ni nyeusi mpya ya kipakiti. Robo ya chupa! Hiyo sikuinoa na sitainoa.

Ila kuna kitu sikukitegemea. Zote mbili, ya kunoa na mpya, ziliingia ncha halafu zikasimama. Zilikwama pale kwenye kijino. Ilibidi niongeze maji mengi ndipo kijino nacho kipite. Yaani ncha inafungua mlango halafu kijino kinabaki nje kama mtu mnene kwenye daladala.

Nyegezi_Darasani (#18)

Mkuu umefanya mtihani mzuri kuliko watu wengi waliopewa vifaa. Na umegundua jambo la pili muhimu.

Kijino ni uvimbe. Kikubwa kinashika vizuri kikishapita, lakini kupita kunahitaji nguvu. Wapo wavuvi wa michezo wanaokibana kwa koleo mpaka kilale, ndoano inaingia yote kwa mara moja. Gharama yake ni kwamba usilegeze mshipi hata kidogo, ukilegeza anatoka. Faida nyingine ni kwa samaki unayemrudisha. Kanuni zetu zinataka sangara asiwe chini ya sentimita 50 na sato asiwe chini ya 25. Mtu wa fimbo kwenye mawe anakamata wadogo wengi. Ndoano isiyo na kijino unamtoa mtoto wa sangara bila kumrarua taya, anaondoka mzima.

Bwana_Migonzo (#19)

Kwenye migonzo usijaribu hiyo, utainua kamba tupu. Samaki anakaa usiku kucha anavuta na kulegeza. Lakini kwa fimbo sawa.

Na kuhusu wadogo, ndoano butu ndiyo inayowaua. Butu haishiki mdomoni, inashika yule aliyekwisha kuimeza mpaka tumboni. Unamtoa na utumbo. Kali inamnasa mapema pembeni ya mdomo.

Kijana_Nansio (#20)

Je zile za mviringo, ncha imegeukia ndani kama kucha ya mwewe? Na zile za matawi matatu kwenye samaki wa plastiki?

FundiSaa_Makoroboi (#21)

Za mviringo ziache. Ncha imejificha ndani haigongi mawe sana, na tupa haiingii vizuri. Hizo hata kuvuta kwa nguvu hakutakiwi, zungusha rili taratibu, inateleza yenyewe inajishika kwenye kona ya mdomo. Ukiikurupua inatoka.

Matawi matatu kagua kila tawi, maana kila moja lina maisha yake. Utakuta mawili makali na la tatu, lile la tumboni linaloburuzwa kwenye mawe, limekuwa kama msumari wa kiatu. Noa hilo hilo. Funga plasta au kitambaa kwenye mawili mengine kwanza, usije ukanoa moja huku la pili linakunoa wewe.

Mshipi_Mrefu (#22)

Wakuu, mrejesho. Leo nimetoka Kamanga.

Jana usiku nilikaa na ndoano zangu zote sebuleni. Kumi na tisa. Kumi na moja ziliteleza kwenye ukucha. Kumi na moja! Tatu zenye vishimo vya kutu nimezitupa kwenye kopo lenye mfuniko, nane nimenoa. Za nyeusi nimezifuta tu.

Leo alfajiri nimepata sato wawili wa kula na sangara mmoja mdogo, nimempima kwenye fimbo hafiki 50, nimemrudisha. Ndoano ilikuwa kona ya mdomo kama mlivyosema, imeingia yote. Nikazidi kujiamini.

Saa mbili kasoro akaja mwenyewe. Safari hii sikuvuta kwa hasira, nilikaza tu nikamsikia ameshika. Ameshika kweli, wakuu. Akakimbia, akarudi, akaruka mara mbili na ndoano haikutoka. Dakika tano hivi nikamleta karibu mpaka nikaona mgongo. Jamaa mmoja akaingia majini hadi magotini kumpokea, mimi nampigia kelele toka humo utapata kichocho. Samaki akatikisa kichwa mara moja, mshipi ukalegea.

Nimevuta. Ndoano haipo. Mshipi haujakatika, maana mwisho wake haukuchanika wala haukuparuzwa na ule mfuniko wa shavu lake unaokata kama kisu. Mwisho wake umejisokota duara duara kama mkia wa nguruwe.

Mzee_wa_Kayenze (#23)

Ukiona mkia wa nguruwe, mshipi haukukatika. Fundo limefunguka. Nailoni imeteleza ndani ya fundo ikajisokota ilipokuwa inatoka.

Hilo fundo alifunga nani?

Mshipi_Mrefu (#24)

Mimi mzee.

Mzee_wa_Kayenze (#25)

Ulililowesha kwa mate kabla ya kulikaza?

Mshipi_Mrefu (#26)

Mate?